Wimbo Upi kwa Kisa Kipi: Kumpangia Spider-Man Nyimbo za Kwetu

Kibanda changu kiko jirani na stendi, Mtwara mjini, na kazi yangu ni kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Tangu nianze kuwasimulia watu visa vya Spider-Man, shujaa wa vitabu vya katuni, na kuvipangia nyimbo za kwenda navyo, haipiti wiki bila kijana kuinama dirishani: "Kaka, nipe wimbo wa Spider-Man." Mwingine anataka kujua kama lazima ziwe za Kiingereza. Mwingine kashapanga arobaini, anaomba nimpunguzie. Wote nawajibu yale yale huku foleni inanung'unika nyuma yao, kwa hiyo leo nimeyaandika. Ukija dirishani, uje umeshasoma.

Swali la kwanza jibu lake ni kwamba wimbo wa Spider-Man haupo. Upo wimbo wa mtu aliyemwacha mwizi apite, halafu mwizi yule yule akaja kumuua aliyemlea. Upo wimbo wa mtu aliyemdaka mpenzi wake akamkuta ameshakufa. Wimbo unaoanishwa na jambo lililompata mtu. Mtu mwenyewe na nguo zake viweke pembeni. Hatua zote za hapa chini ni za kulitafuta jambo hilo na kulipimia wimbo wake.

Vitu vya kuwa navyo

- Visa vitatu vya katuni ulivyovisoma mwenyewe. Filamu haitoshi. Kwenye filamu ya 2002 msichana anayening'inizwa darajani ni Mary Jane, naye anapona. Kwenye kitabu cha 1973 ni Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, naye anakufa. Ukipanga kwa kukumbuka filamu utaweka wimbo wa furaha penye maiti.
- Daftari na kalamu. Simu inazimika, daftari halizimiki.
- Nyimbo zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye simu au flashi. Usitegemee bando, litakatika katikati ya kiitikio.
- Hedifoni za kuchagulia, na sabufa ya kufanyia jaribio.
- Msikilizaji mmoja asiyemjua Spider-Man hata kidogo. Mimi namtumia shangazi yangu, mbangua korosho. Kwa nini yeye, utaona kwenye hatua ya 8.

Hatua

1. Chagua kisa kimoja, usimchukue shujaa mzima.

Spider-Man alitoka mara ya kwanza Agosti 1962, katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, hadithi ya kurasa 11 iliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko. Mwaka 1963 akapewa kitabu chake mwenyewe, The Amazing Spider-Man. Hiyo ni zaidi ya miaka sitini ya mikasa. Anayesema anampangia Spider-Man nyimbo ni kama anayesema anaupikia mji wote kwa sufuria moja.

Anayeanza nampa hivi vitano, kwa sababu kila kimoja kina kona moja kali isiyohitaji maelezo: kile cha asili cha 1962, toleo la 33 la 1966, anapofukiwa na mtambo wa chuma, toleo la 50 la 1967, anapotupa vazi kwenye pipa la taka, toleo la 121 la Juni 1973, kifo cha Gwen, na mkasa wa nguo nyeusi ulioanza 1984 katika toleo la 252. Vingine utavifikia ukishazoea.

2. Andika kisa kwa sentensi moja yenye neno "lakini".

Kwa mfano (Peter Parker ndiye Spider-Man akivua kinyago): "Peter anamdaka Gwen kwa utando asianguke, lakini mdako wenyewe ndio unaomvunja shingo." Au: "Peter anapata nguo inayomtii kila anachowaza, lakini usiku akilala nguo inamvaa yeye." Sentensi isiyo na "lakini" ina maana bado hujaiona kona ya kisa, rudi ukasome.

Halafu chukua kalamu ukate kila jina na kila kifaa. Kata Peter, kata utando, kata Goblin, yule adui aliyemsukuma Gwen. Kinachobaki ndicho utakachokitafutia wimbo: "Nilimdaka asianguke, mdako wangu ukamuua." Huyo sasa anaweza kuwa dereva wa bodaboda wa Chuno au mvuvi wa Msangamkuu. Hapo ndipo nyimbo zetu zinapoanza kukujia zenyewe.

Kosa la kawaida: kutafuta neno badala ya jambo. Kijana mmoja aliniletea orodha ya nyimbo tisa zote zikiwa na neno "buibui" au "usiku" au "kuruka" ndani yake. Kazi ilikuwa kubwa, lakini hakukuwa na wimbo hata mmoja uliogusa kisa.

3. Uliza: nani anasema, na anamwambia nani?

Hatua hii wengi huiruka, na hapa ndipo orodha nyingi zinapofia. Nyimbo zetu nyingi ni maneno ya mtu kumwambia mtu. Mpenzi anamwambia mpenzi, mgonjwa anamwambia rafiki, mke mwenza anamrushia mke mwenza. Kabla hujaoanisha, andika kwenye daftari mishale miwili: kwenye kisa, fulani anamwambia fulani, kwenye wimbo, fulani anamwambia fulani. Mishale isipolingana, achana na wimbo huo hata kama unaupenda.

Chukua "Yahaya" wa Lady Jaydee. Jamaa hajulikani anakaa wapi wala anafanya kazi gani, na mwimbaji anamhoji. Vijana wengi wanauweka kama wimbo wa Peter. Hapana. Huo ni wimbo wa watu wanaomzunguka Peter: mama aliyemlea, wasichana anaowaahidi kufika halafu hafiki, bosi wa gazeti anayeshangaa huyu dogo picha za Spider-Man anazipata wapi. Wao ndio wanaosema, yeye ndiye Yahaya. Ukiupiga kwenye ukurasa ambao Peter yuko peke yake chumbani unakufa. Upige kwenye ukurasa ambao mtu amekaa mezani akimsubiri, chakula kimepoa, utaona watu wanavyochekea pembeni.

Siri ya sura haihitaji kufafanuliwa huku kwetu. Aliyekulia karibu na ngoma ya mapiko, au midimu kama wengine wanavyoiita, anajua maana ya mtu aliyevaa kinyago akacheza mbele ya ndugu zake bila kutajwa jina. Na hapa nitoe onyo moja kali. Usichukue nyimbo za jando wala za unyago kuja kuziweka kwenye orodha yako, hata kama mtu amezirekodi kwenye simu na anakupa bure. Zina wenyewe na zina mahali pake. Mimi nikiletewa siziingizi kwenye flashi ya mtu yeyote.

Mshale mwingine unaosahaulika ni ule wa Spider-Man na adui zake. Yeye hupigana huku akisema. Kejeli hazimtoki mdomoni. Sisi hilo tunalo jina: mipasho. Kwa mapigano ya maneno, taarab inafanya kazi kuliko hiphop. Watu wanabisha mpaka wasikie. Chukua taarab yoyote ya kurushiana vijembe, ianze pale Spider-Man anapoanza kumtania Goblin, uone kama akina mama hawatainuka na noti ya kutunza.

Na kwa bosi wa gazeti, J. Jonah Jameson? Mwaka 2009 kwenye katuni alikuja kuwa meya wa New York, akaunda kikosi cha kumsaka Spider-Man. Hapo "Ndio Mzee" wa Professor Jay unakaa bila kusukumwa: mgombea anaahidi makubwa, umati unaitikia. Mshale wa kisa na mshale wa wimbo ni mmoja.

Nikiwa hapo hapo kwenye nani ni nani, kuna jambo la undugu. Watafsiri wengi wanasema "Mjomba Ben" na "Shangazi May". Ben ni kaka mkubwa wa baba yake Peter. Kwa Kiswahili huyo ni baba mkubwa, na mkewe ni mama mkubwa. Kwingine mtu anaweza kupuuza, lakini kusini mjomba ni mtu mzito. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana kauli juu ya mpwa wake. Niliwahi kusimulia kisa cha 1962 nikasema mjomba, mzee mmoja akanikatiza: "Kwa hiyo mama yake huyo kijana ni dada yake marehemu? Na yeye yuko wapi, mbona hajaja msibani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nasema baba mkubwa, na wimbo natafuta wa kufiwa na baba.

4. Tafuta nyimbo tatu kwa kila kisa, halafu uue mbili.

Usikubali wimbo wa kwanza uliokujia. Mara nyingi umekujia kwa sababu ulipigwa kwenye daladala asubuhi. Tafuta mmoja kwenye zilipendwa, mmoja kwenye bongo fleva, mmoja popote pengine: taarab, singeli, injili, kaswida. Ziandike kando kwa kando, linganisha mishale, kisha bakiza mmoja.

Mfano wa kuua: umaskini wa Peter. Huyu ni kijana anayeokoa mji mzima na kodi ya nyumba inamshinda. Nilikuwa na nyimbo mbili za kisasa za vijana wasio na hela, zote nzuri, zote zinalalamika kwamba msichana amefuata wenye magari. Lakini Gwen hakumwacha Peter kwa sababu ya gari. Nikarudi nyuma kabisa hadi "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William: kijana anapenda, angeoa, mali hana. Ndani yake hamna lawama kwa msichana. Ndio huo, na zile mbili nikazifuta.

5. Sikiliza wimbo wote, hadi sekunde ya mwisho.

Kiitikio kinadanganya. Kuna nyimbo zinazoanza na huzuni na kumalizia na mtu anayetaja majina ya marafiki zake waliompa hela ya studio. Kuna nyimbo zinazobadilisha msimamo kwenye ubeti wa tatu. Vaa hedifoni, sikiliza mara mbili, andika dakika ambayo wimbo unageuka.

Muziki wa dansi una zawadi yake hapa. Nyimbo nyingi za bendi zetu za zamani zina sehemu mbili: kwanza mwimbaji anaeleza taratibu, halafu gitaa linashika kasi na mnaingia kwenye chemko. Kisa chenye nusu ya maombolezo na nusu ya kisasi kinavaa muundo huo kama shati la kushonewa. Toleo la 121 ni la kifo, toleo la 122 ni la kulipiza. Wimbo mmoja wa dansi unaweza kuyabeba yote mawili, chemko likiangukia pale Peter anapomfuata Goblin.

Singeli, kwa kuwa inakwenda mapigo 200 kwa dakika na kupita, ihifadhi kwa kufukuzana juu ya majengo na usiiache izidi dakika moja na nusu. Baada ya hapo msimuliaji anaanza kupiga kelele na hakuna anayemsikia.

6. Pima muda wa kusoma.

Toleo la kawaida lina kurasa ishirini na kitu. Mimi nikisimulia kwa sauti, huku nageuza picha kwenye simu, natumia karibu dakika ishirini. Wimbo wa bongo fleva ni dakika tatu au nne. Kwa hiyo wimbo hauwezi kufunika kisa chote, na usijaribu kuurudia mara tano. Chagua kurasa nne au tano zenye kona, wimbo ukae hapo tu. Kwingine kuwe kimya, au mdundo mtupu kwa chini.

Mikasa mirefu ina kanuni yake. Ule wa Kraven, adui yake mwindaji, wa 1987, ambamo Spider-Man anazikwa akiwa hai kwa wiki mbili, una sehemu 6. Usiupe nyimbo sita. Upe mmoja, uuguse kidogo mwanzoni, uufungulie wote siku anapojitoa kaburini.

7. Weka wimbo kwenye mlango wake.

Hapa nitakaa kidogo, maana wimbo sahihi ukiingia sekunde isiyo yake unaharibu kisa kizima.

Tuchukue kifo cha Gwen, nilichokipa "Kifo" wa Remmy Ongala, wimbo wa kukilalamikia kifo kisicho na huruma. Fungua ukurasa wenyewe. Goblin amemsukuma, Gwen anaanguka, Peter anarusha utando unamshika miguu. Pembeni ya shingo yake mchoraji, Gil Kane, na wenzake wameweka neno dogo sana la mlio wa kitu kuvunjika. Ukisoma haraka unalipita. Kisha Peter anamvuta juu huku anajisifu, anamwambia nimekuokoa. Anaongea na maiti bila kujua.

Wengi wanafungulia Remmy pale anapoanguka. Mimi nasema kosa. Wakati anaanguka bado kuna matumaini. Kwenye neno lile dogo usifanye chochote. Peter anapojisifu, usifanye chochote. Subiri mpaka anaponyamaza, amemwangalia usoni ameelewa. Hapo ndipo unabonyeza. Ile kimya ya kurasa mbili ndiyo inayowafanya watu wainamishe vichwa gitaa likiingia.

Nguo nyeusi nimeipa "Starehe" wa Ferooz na Professor Jay. Mgonjwa yuko kitandani, anaeleza raha zilivyomfikisha hapo. Mwanzoni nguo ilikuwa raha tupu kwa Peter: inajivaa yenyewe, inatengeneza utando wake yenyewe. Kumbe ni kiumbe hai, na usiku inamtoa kitandani amelala ikatembee naye, ndiyo maana asubuhi anaamka amechoka. Wimbo unaingia asubuhi hiyo ya uchovu. Lakini jambo tamu ni mwisho: katika toleo la kwanza la Web of Spider-Man, 1985, nguo inamtoka kwa sababu ya mlio wa kengele za kanisa. Sauti ndiyo inayoishinda. Kwa hiyo kengele zinapolia, kata muziki ghafla, gonga chuma. Mimi nina rimu ya gurudumu niliyoiokota kwa fundi, naigonga kwa nati kubwa mara nne. Watoto wanaruka.

Kile cha mtambo wa chuma, toleo la 33, nimekipa "Never Give Up" wa Harmonize, na si kwa sababu ni kijana wa Mtwara, ingawa hilo linasaidia kuwatuliza watu. Anasimulia kuhangaika kwake hadi kutoka. Peter amelaliwa na mtambo, maji yanaingia, dawa ya mama mkubwa iko mbele yake lakini mkono haufiki. Anajaribu, anashindwa, anajaribu tena. Nakiri uoanishaji huu ni wa asilimia themanini tu: kwenye wimbo mtu anajipigania mwenyewe, kwenye kisa anampigania mwingine. Ukipata bora kuliko huu, njoo dirishani.

Na kuna kisa ambacho sikukiwekea chochote. Toleo la 248, Januari 1984: mtoto anayempenda Spider-Man, amekusanya kila habari yake, anatembelewa usiku. Anamwomba amwonyeshe sura, na Spider-Man anavua kinyago. Ukurasa wa mwisho ndio unajua kwamba mtoto ana saratani ya damu, siku zake zimebaki chache. Nilijaribu nyimbo saba. Zote zilikuwa zinamlilia mtoto kabla ya wakati, na zinaipasua siri ya ukurasa wa mwisho. Sasa nazima sabufa kabisa, nasimulia kwa mdomo.

8. Jaribu mbele ya asiyejua.

Shangazi yangu hubangua korosho barazani. Mikono kaipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimchome, anagonga kwa kigongo, tak, tak, bila kuangalia. Mimi nakaa kando yake nasimulia na kupiga wimbo. Simuulizi kama umempendeza, kwa sababu atasema ndiyo anifukuze. Nasikiliza kigongo. Kikiendelea, sijapatia. Kikisimama, nimepatia. Kwa Gwen kilisimama mpaka wimbo ukaisha, kisha akauliza: "Na baba yake alikuwepo?" Nikamwambia baba yake alishakufa kabla, toleo la 90, mwaka 1970. Akasema, "Haya," akaokota korosho nyingine.

Wewe tafuta wako. Anayesuka nywele, anayeshona, anayeparua samaki pale feri. Awe na mikono yenye kazi, basi.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuweka nyimbo mbili za msiba mfululizo. Ya pili haisikiki kama msiba, inasikika kama adhabu. Katikati weka kitu cha kuchekesha, mfano Peter anavyokimbizana na kodi.

Kuchagua kwa jina la wimbo. Kuna mkasa wa 2007, One More Day, ambapo Peter na Mary Jane wanakubali mapatano na Mephisto, shetani wa kwenye katuni, na ndoa yao inafutwa kabisa. Vijana wote wananiletea "Single Again" wa Harmonize. Jina linafaa. Lakini baada ya mapatano hakuna kati yao anayekumbuka kwamba waliwahi kuoana, na wimbo wa kuachana unahitaji mtu anayekumbuka. Nani atauimba? Labda msomaji. Ndiyo maana mkasa huo nauweka mbali na wanaoanza, na pia kwa sababu kila nikiusimulia watu wanauchukia, wala siwalaumu.

Kutangulia wimbo kabla ya kisa. Hili nililifanya mwenyewe, Mikindani, jioni moja. Nilitaka kupima sabufa, nikafungulia "Kifo" kwa sauti yote kabla watu hawajakaa. Haikupita dakika tano, akina mama wawili wakaja wamejitanda khanga vichwani, wananiuliza kwa sauti ya chini msiba uko nyumba gani. Nilizima nikaomba radhi, na usiku huo nikasimulia visa vya kuchekesha tu. Sabufa ipime kwa mdundo usio na maneno.

Ukikwama

*Kila wimbo ninaoupata ni wa mapenzi.* Hilo si tatizo, badilisha "wewe" ya wimbo. Kwenye toleo la 50 Peter anatupa vazi kwenye pipa na kuondoka akiwa amelowa mvua. Chukua wimbo wowote mzuri wa kuachana na uusikilize kama anaambiwa vazi: umenichosha, umenitenga na ndugu zangu, naondoka. Nyimbo za mapenzi zilizokuwa hazifai kwa Mary Jane zinafaa ajabu kwa vazi.

*Lazima ziwe za Kiswahili?* Hapana. Lakini kama wasikilizaji hawashiki maneno, mishale ya hatua ya 3 haionekani, unabaki na mdundo tu. Kimakonde, Kiyao, Kimwera, chochote wanachokisikia vizuri, ni bora kuliko Kiingereza wanachokikisia.

*Wimbo unanoga, kisa kinasahaulika.* Watu wameanza kucheza. Umeweka wimbo ulio kileleni mwezi huu. Subiri ushuke chati ndio uutumie, au tafuta wa miaka kumi nyuma.

*Wazee wanalalamika.* Angalia saa. Kati ya Maghrib na Isha acha kabisa. Pia pitia maneno ya singeli zako moja moja. Kuna zinazosikika safi kwenye hedifoni na kumbe kwenye sabufa kila tusi linatoka wazi.

*Nyimbo ngapi zinatosha?* Kwa usiku mmoja visa vitatu, nyimbo tano. Yule wa arobaini nilimwambia abakize zile ambazo anaweza kunieleza bila kutaja nguo ya shujaa. Zilibaki sita.

*Umeme umekatika.* Sabufa imekufa, simu ina asilimia kumi na mbili. Endelea kusimulia, na penye wimbo waambie waimbe wenyewe. Nyimbo ulizozichagua vizuri wanazijua. Hii imenitokea mara mbili na mara zote mbili ilikuwa bora kuliko sabufa, ila usiipange kwa makusudi.

*Naweza kutoza kiingilio?* Barazani na ndugu na majirani ni jambo moja. Ukishaanza kuchukua hela ya watu kwa kupiga kazi za wasanii, hakimiliki imeingia. Waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza. Na usichome orodha kwenye CD ukauza sokoni ukisema mimi ndiye niliyekufundisha.

*Nimesikiliza sana mpaka sisikii tofauti.* Acha siku tatu. Soma upya kisa bila wimbo wowote. Kama sentensi yako ya "lakini" imebadilika, na wimbo ubadilike.

Ukija kibandani njoo na daftari lako na flashi tupu; ya GB 8 inatosha sana. Msimu wa korosho, wakulima wakishalipwa, foleni inafika barabarani, kwa hiyo wahi asubuhi kabla ya saa tatu. Na kama una wimbo wa toleo la 33 unaozidi ule wangu, huna haja ya kupanga foleni, zunguka mlango wa nyuma.